Damu Changa ya Ghati

Ghati alikuwa amechoka. Sisemi ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huo hata wewe unao, na tunaupokea kila Jumatatu. Nasema uchovu wa mtu anayeamka amechoka kuliko alivyolala, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaitazama ndoo ya maji pale mlangoni, akaiona iko mbali kama Kenya.

Alikuwa mama wa Kikurya wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Tarime, aliyehamia upande wa Serengeti na mumewe Kisyeri mwaka ule rashi ya Nyaberekera ilipotoka. Rashi unaijua. Mchungaji anaokota jiwe linalong'aa, habari inafika Sirari kabla ng'ombe hawajarudi zizini, na wiki haijaisha mlima mzima umetobolewa. Vibanda vya maturubai vimesimama, kinyozi yupo, kanisa lipo, baa zipo mbili, choo hakuna. Kisyeri aliingia shimoni na wanaume wenzake. Ghati akakaa chini ya turubai na akina mama, kuponda mbale, yaani yale mawe yenye dhahabu, kwa nyundo, kabla hayajapelekwa kwenye karasha kusagwa. Nyundo asubuhi, nyundo mchana, nyundo mpaka giza linakunyang'anya jiwe mkononi. Mtu asiyejua kama ana mgongo, akaponde mbale.

Kisha nguzo za shimo zikakatika na jiwe likambana Kisyeri nyonga. Wakamtoa akiwa hai, na kila mtu akasema ana bahati. Bahati gani! Mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta, shimoni hatakiwi tena, na mtoto wao pekee, Wangwe, alikuwa ameshavuka mpaka kutafuta maisha, anapiga simu akikumbuka. Mwanaume aliyezoea kutangulia kila mahali akawa wa kushinda kibandani, akisubiri mke arudi na unga. Alinyamaza miezi. Ukimsalimia anajibu kwa kidevu.

Kilichomrudisha kwa watu ni pembe. Baba yake alikuwa akiumika wagonjwa kule Tarime, na Kisyeri alijifunza kazi hiyo angali kijana. Unachanja ngozi kidogo kwa wembe mpya, unabandika pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha, unafyonza hewa kwa mdomo, unaziba tundu kwa nta, unangoja. Pembe inavuta. Ukiibandua inatoka na damu nyeusi, nzito, na mgonjwa anaonyeshwa: "Umeiona hiyo? Ndiyo iliyokuwa inakutesa." Wachimbaji walimiminika. Mtu aliyeshinda amejikunja chini ya ardhi anapenda sana kuonyeshwa maumivu yake yakiwa ndani ya kopo. "Karibu, mura, vua shati," utamsikia Kisyeri akiita, na sauti yake ya zamani ikarudi.

Na kila Jumapili, wakishatoka kanisani, kabla hajagusa mteja yeyote, alimuumika mkewe.

Hapo ndipo penyewe, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kisyeri alipasha maji moto, akatandika kanga mkekani, akaziosha pembe moja moja, huku akiimba pambio aliloharibu maneno yake makusudi ili Ghati acheke. "Leo sita, mama Wangwe. Uchovu wote huu nautoa. Kesho utapanda mlima unaruka kama ndama." Wiki nzima hakuna aliyemwuliza Ghati anajisikiaje. Wiki nzima hakuna mkono uliomgusa isipokuwa wa mtu anayempokea ndoo ya mawe. Jumapili mume wake aliupapasa mgongo wake kutafuta panapouma, taratibu, kama anasoma. Alipenda, tusidanganyane. Akimaliza kuumikwa kichwa kinakuwa chepesi, analala fofofo mpaka jioni.

Jumatatu akaamka amechoka zaidi. "Basi damu mbaya bado ipo," alisema Kisyeri, na Jumapili iliyofuata akaongeza pembe mbili.

Sasa Ghati alikuwa pia na ugonjwa wa sukari. Uligunduliwa zahanati, akaanzishiwa vidonge, akawa anahudhuria kliniki. Na kliniki hiyo ilikuwa na vituko vyake. Wagonjwa wa pale, ukiwaambia siku fulani tutapima sukari, wanafunga kula tangu jana yake, wanakunywa maji ya mwarobaini mpaka masikio yanavuma, ili mradi namba itoke nzuri wasigombezwe na Sista Veronika, nesi wa zahanati, mwanamke mwenye moyo safi na mdomo wa moto. Kisha ukaja mradi wa watafiti kutoka Mwanza na kimashine cha ukubwa wa mkate. Hicho hakiulizi jana umekula nini. Sukari ikizidi mwilini inaganda kwenye protini ya damu na haibanduki tena, kwa hiyo kimashine kinatazama iliyoganda kwa miezi iliyopita na kusema yote. Sista Veronika alikipenda kama mtoto wake. "Fungeni mtakavyo! Kunyweni mwarobaini mpaka muote majani! Hiki hamkidanganyi."

Wenzake wakaumbuka mmoja mmoja. Ghati, ambaye hakufunga wala kunywa chochote, namba yake ikatoka nzuri kuliko ya nesi mwenyewe.

"Mama Wangwe, simama wenzako wakuone," Sista Veronika alisema mbele ya benchi zima. "Waeleze unafanyaje."

Ghati alisimama akishikilia ukuta. "Nakula ugali wa mtama," alisema. "Nafanya kazi."

"Mmesikia? Mtama na kazi! Mpigieni makofi."

Wakapiga. Dozi yake ikapunguzwa, maana kwa nini kumjaza mtu vidonge asivyohitaji. Na kila kliniki iliyofuata akawa yeye ndiye mfano, anasimamishwa, anapigiwa makofi, anakaa.

Mwili wake haukupiga makofi. Kiu ilimwamsha, akanywa, akatoka nje, akarudi, akanywa tena. Macho yakaingia ukungu, nyundo ikaanza kumpiga vidole. Halafu ukaja mguu. Siku moja Agustina, mwenzake wa turubai moja, alipiga kelele: "Weee, Ghati! Unakanyaga damu ya nani?" Ilikuwa yake. Kipande cha jiwe kilikuwa kimetoboa kandambili na kuingia kwenye unyayo wa kulia, na hakusikia kitu, hata mchonyoto. Akacheka, kwa kukosa la kufanya. Sista Veronika alikitazama kidonda akasema, "Kama sukari yako ingekuwa mbaya ningeogopa. Hiki ni kidonda tu. Osha kwa maji ya chumvi." Akaosha. Kikapanuka. Akaosha. Kikaanza kutoa harufu.

Ghati hakuwa mjinga. Mama yake Agustina alikatwa mguu juu ya goti kwa sababu ya sukari, na kilianza hivyo hivyo, na kidonda kisichouma. Aliogopa. Mponda mbale asiye na mguu anaweza kukaa na kuponda, sawa, lakini nani atampandisha mlimani? Kisyeri? Kisyeri mwenyewe anaburuta. Mguu ule ndio uliokuwa unaleta unga nyumbani, ukienda ule, wote wawili wamekwisha. Lakini kila alipojipa moyo aseme, namba yake ilikuwa imeshasema kabla yake. Utabishanaje na makofi?

Na habari ya pembe hakuigusa kabisa. Alikuwa amemwona Sista Veronika akimfukuza mama mmoja aliyekuja na chale kifuani: "Rudi kwa huyo aliyekuchora!" Basi Ghati akija kliniki anavaa blauzi ya kufunika mpaka shingoni.

Jumamosi moja akaitwa zahanati. Alikuwapo binti wa mradi, Sharon Awino, Mjaluo wa Shirati, ndiye aliyemtoa damu ya mkono miezi iliyopita na kuondoka nayo. Sista Veronika alikaa pembeni, na safari hii hakumwambia Ghati asimame.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Kaa nikueleze." Sharon akavuta kiti karibu. "Damu yako tuliipeleka kwenye maabara yenye mashine kubwa, spektrometa. Kazi yake ni kupima uzito wa vitu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Protini iliyobeba sukari ni nzito kuliko ambayo haijabeba, na ile mashine inaona tofauti."

"Kama mizani ya mnunuzi wa dhahabu."

"Kama hiyo, ila hii yetu haina ujanja ujanja."

Ghati akacheka kidogo. Ilimchukua nguvu.

"Sasa mama, tumepima protini mbili. Moja ni ile ya ndani ya chembe nyekundu za damu, anayoipima Sista hapa. Hiyo haina sukari nyingi, safi kabisa. Nyingine inaelea nje, kwenye maji ya damu. Hiyo imebebeshwa sukari mpaka tukafikiri tumechanganya chupa za watu. Tukarudia. Ni yako."

"Sasa ipi inayosema uongo?"

"Hakuna. Ngoja. Ukiingia hapo rashi, mtu aliyekaa miezi mitatu unamjuaje?"

"Vumbi. Nguo zote nyekundu."

"Na aliyefika jana?"

"Bado msafi."

"Basi chembe za damu ndivyo zilivyo. Chembe ikikaa mwilini sana inajaa sukari, ikizaliwa jana haijaanza. Sasa wewe ukifika rashi ukakuta watu wote wana nguo safi, utasema hakuna vumbi?"

Ghati alifikiri. Hakuhitaji kufikiri sana. "Nitasema wote wamefika jana."

"Ndiyo damu yako, mama. Yote changa, kama imefika jana. Mwili wako unatengeneza mpya kila siku kwa sababu ya zamani haipo. Kwa hiyo namba ilikuwa nzuri, na sukari iko juu, juu sana, muda wote huu." Sharon akainama akaufungua ule mguu, akaunusa, akaufunga. Aliporudi kukaa uso wake ulikuwa umebadilika. "Ya zamani inakwenda wapi? Hedhi nyingi?"

"Hapana."

"Vidonda vya tumbo? Choo cheusi?"

"Hapana."

"Malaria?"

"Mara moja moja."

"Kuna mahali unapoteza damu?"

Ghati alisikia mgongo mzima ukimwasha chini ya blauzi. Akamwona akilini Kisyeri akiosha pembe, akiimba lile pambio lake bovu. "Hapana, mwanangu," alisema.

Sharon aliliacha swali hilo. "Mama, mguu huu unakufa. Unahitaji hospitali, sindano za insulini, na daktari wa kukata panapooza kabla uozo haujapanda. Twende leo, gari hilo hapo." Ghati akasema hawezi kuondoka bila kumuaga mume wake. Wakavutana, mpaka wakakubaliana Jumatatu asubuhi gari litampitia kwenda hospitali Mugumu. "Na hiyo damu," Sharon alisema akimshika mkono, "popote inapokwenda, isiende tena. Hata kidogo. Huna ya kupoteza."

Nje Sista Veronika akamfuata mpaka njiani. "Mama Wangwe, mimi ndiye niliyekusimamisha wakupigie makofi," alisema, akijifuta macho. Ghati akambembeleza yeye. Ndiyo, mgonjwa akambembeleza nesi. Ndivyo alivyokuwa.

Maneno ya kumwambia mumewe aliyapanga njia nzima. Alipofika wateja walikuwa wengi, akasema kesho. Kesho ikawa Jumapili. Wakatoka kanisani, na Kisyeri alikuwa ameshatandika kanga. Amenunua nta mpya. Alikuwa amenyoa ndevu.

"Leo nane, na kubwa zote," alisema. "Unakwenda hospitali kesho, sitaki uende na uchovu huu. Wakuone una nguvu, wajue una mtu anayekutunza."

Mwambie, Ghati. Mwambie! Mdomo unao, maneno unayo, umeyapanga kutoka zahanati mpaka mlangoni. Alifungua kinywa. Akamtazama yule mwanaume anayeburuta mguu kuzunguka mkeka, anahangaika na maji ya moto, amefurahi. Kumwambia ni kumwambia kwamba kitu pekee anachojua kukifanya, na kila alichomfanyia kwa mapenzi, ndicho kilichouficha ugonjwa. Na alikuwa amechoka. Kusema ilikuwa kazi, kulala kifudifudi ilikuwa rahisi. Akavua blauzi, akalala. Niseme nini mimi? Ningemzaba kibao, halafu ningekaa chini nilie naye.

Jumatatu hakuweza kusimama. Sharon na dereva walimbeba mpaka kwenye gari, Agustina akapanda kumwuguza kwa kuwa wodi ni ya wanawake, na Kisyeri akabaki amesimama mbele ya kibanda ameshika kofia. Hospitali walimwongeza damu kwanza, kwa kuwa damu yake mwenyewe ilikuwa imebaki kidogo mno kumlaza usingizi wa kisu. Kisha wakakata. Vidole vyote vya mguu wa kulia vilikwenda, na kipande cha unyayo. Kisigino kikabaki.

Daktari alimgeuza akauona mgongo: alama juu ya alama, za zamani zimefifia, za juzi bado zina magamba.

"Nani alikufanyia hivi?"

"Mganga mmoja. Alihama rashi."

"Ni vizuri alihama," daktari alisema kwa hasira. "Kisigino kimebaki, utatembea. Lakini mwili wako hauna akiba. Ukipoteza damu tena, kidonda hiki hakitapona, na tutakuja kukata huku." Akagusa juu ya goti, akaenda kitanda cha pili. Ghati akageukia ukuta.

Jumapili Kisyeri akaja. Alipanda lori la mbale, akatembea kutoka barabarani kwa mguu wake ule, akafika saa ya kuona wagonjwa, shati limelowa jasho. Alimsalimia Agustina, na Agustina, mtu mwenye akili, akasema anakwenda kufua. Kisyeri akakaa kitandani. Aliutazama mguu uliofungwa bandeji, ulivyoishia mapema.

"Pole, mama Wangwe."

"Nimeshapoa, baba Wangwe."

"Unajisikiaje?"

"Nimechoka."

Akatazama mlangoni, akatazama dirishani. Kisha akatoa kwenye mfuko wa rambo kitu kilichofungwa kwenye kanga yao. "Nimekuja nazo," alinong'ona. "Nesi amekwenda upande ule. Geuka haraka, nne tu. Hawa wanajua kukata, lakini uchovu hawawezi kuutoa."

Ghati hakugeuka. Aliitazama ile kanga. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuumwa hakuwa na pa kukimbilia: si kazi, si wateja, si kesho. Kulala kifudifudi hakukuwa rahisi tena.

"Baba Wangwe, ni hizo," alisema.

"Nini?"

"Hizo pembe. Sukari ilikuwa juu siku zote. Nesi hakuiona kwa sababu damu yangu ilikuwa changa. Wewe ulikuwa unaitoa ya zamani, mwili unaleta mpya, mashine inasoma mpya." Alisema yote kwa mkupuo asije akaishiwa nguvu katikati. "Daktari amesema nikipoteza tena, mguu wote."

Kisyeri alikaa na kile kifurushi mapajani. Kelele za wodi ziliendelea, mtoto wa mtu analia, sahani zinagongana.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekukata."

"Sikusema hivyo."

"Ulijua lini?"

"Jumamosi ile."

"Jumamosi!" Sauti ilipasuka, wagonjwa wakageuka. Akaishusha. "Na Jumapili ukalala nikakuwekea nane? Kwa nini, Ghati? Kwa nini hukunizuia?" Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Wangwe azaliwe.

"Ulikuwa umefurahi," alisema. "Na mimi hakuna siku nyingine mtu ananishika."

Kisyeri akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kutikisika, mwanaume mzima, mbele ya wodi ya wanawake, na hakujali nani anamwona. Alipotulia alisimama aondoke. Alishindwa kukaa na alishindwa kwenda. Akasimama tu hapo, mikono inaning'inia.

"Sina kitu kingine ninachojua kukufanyia," alisema.

"Mgongo bado unauma."

"Wapi?"

"Kote."

"Sasa mimi nitafanyaje, mama Wangwe?"

Ghati akageuka taratibu kwa ubavu, akaushusha mkono wa gauni la hospitali begani. "Weka mkono."

"Mkono mtupu?"

"Mtupu."

Kisyeri akakaa, akaweka kiganja katikati ya yale makovu. Hakujua mkono mtupu unafanyaje kazi. Akauacha tu hapo, mzito, wa moto. Wakakaa hivyo hadi nesi alipokuja na sindano ya jioni.